Mkono Ulioshika Ndege

Pale kiwandani walimwita Sindano, kwa kazi yake ya kushona vitabu na kwa ulimi wake. Siku hiyo ulimi ulitangulia kazi.

Tajiri wake alikuwa anachapa upya kitabu cha msafiri mmoja wa enzi za mwanzo za ukoloni, habari za ndege na misitu. Sindano alikijua tangu shuleni, lile toleo dogo la bei rahisi, lenye picha ya ndege aliyeshikwa na mkono ulioishia kwenye kiwiko, pale picha ilipokatwa. Mkono ule ulikuwa wa babu yake. Yeye ndiye aliyemtega ndege yule, akamchuna na kumkausha. Ndege akapewa jina la msafiri, babu akaandikwa "mtumishi wangu mchangamfu, asiyeacha kucheka." Jina hakupewa. Kwao sentensi hiyo ilikuwa mfupa kooni.

Sasa mezani kwa Tajiri palikuwa na toleo la kwanza, pana kama sinia, limeazimwa kwa ajili ya kazi. Sindano alilifunua, na picha iliyokunjwa ikafunguka: mkono, kiwiko, bega, uso. Ukoo mzima haukuwa na picha nyingine ya mtu huyo, na nyumbani shangazi yake, binti wa babu, alikuwa amezeeka akiuliza kama baba yake kweli alikuwa mtu wa kuchekacheka hovyo mbele ya wageni.

"Tutatumia ile picha ndogo," Tajiri alisema. "Na huo mkono tuufute. Watu wananunua ndege."

"Sasa ndege atashikwa na nani? Na hewa?"

"Mama, picha kubwa lazima ikunjwe kwa mkono, kitabu kimoja kimoja."

"Mikono ni yangu. Nitakunja mimi."

"Kitabu kimeshapangwa. Wewe shona, usinifundishe biashara."

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawa yanavuma. Wale wa toleo dogo walimkata mzee wa watu pichani ili kubana karatasi. Mnyonge hana haki, haya. Na huyu wa leo, mtoto wa hapahapa, anamfutia hata huo mkono, kwa uvivu tu! Sindano akachomeka sindano yake mezani, akavua aproni.

"Tafuta mtu wa kumfuta babu yake mwenyewe," akasema, akatoka.

Nyumbani alimkuta shangazi kitandani, anakunja nguo kwa kupapasa, maana macho yalishamwacha.

"Mbona mapema?"

"Nimeacha kazi, shangazi. Lakini babu nimemwona. Uso mzima."

Mikono ya bibi yule ikatulia juu ya nguo. "Anacheka?"

"Hata kidogo. Amefunga mdomo, amekunja ndita, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyekanyagwa mguu."



"Basi ndiye baba," shangazi akasema, na usoni pake ndita zilezile zikajikunja.