Sabili ya Wajerumani

Kalenda ya mwisho aliyoileta baba kutoka dukani alikokuwa karani ilikuwa na picha ya chemchemi katika uwanja wa mji mmoja wa Ujerumani. Naiita chemchemi kwa kukosa neno. Ulikuwa mnara mzima wa mawe, uliochongwa kwa mtindo wa makanisa yao ya kale, ghorofa juu ya ghorofa, kila ghorofa na watu wake wa mawe waliopakwa rangi na dhahabu, na chini kabisa, kama jambo la kupita tu, maji yakitiririka. Mwenye duka, Mhindi aliyeagiza vyerehani kutoka huko, aligawa kalenda kila mwaka. Nyingine zote zilikuwa za milima na ng'ombe. Hii niliitazama nikila, nikisukwa, nikigombezwa. Sikuamini kwamba mkono wa binadamu unaweza kuchonga jiwe mpaka likawa jepesi vile.

Baba alifariki kabla mwaka wa kalenda ile haujaisha. Mama alipotoka eda, alisimama mbele ya picha ile, buibui bado mwilini.

"Hii ni sabili," akasema.

Kwetu Mombasa, sabili ni maji anayowekewa mpita njia bure, ili thawabu zake zimfikie marehemu. Nikamwambia lile ni pambo la mji tu. Akanitazama kama mtu aliyelea mpumbavu.

"Mtu ajenge yote hayo, awe hana maiti wake?"



Akaagiza mtungi kutoka Mombasa, akauweka nje ya lango letu huku bara, Parklands, na kata ya kifuu juu ya kifuniko. Watu walipita pale tangu alfajiri: walinzi, mafundi, akina mama wa kufua. Hakuna aliyekunywa. Asubuhi mama aliujaza, jioni akamwagilia maua maji yale yale. Akaanza kukonda.

"Babako hapati kitu," aliniambia, na sauti ikamkatika, mwanamke ambaye katika eda yote hakunionyesha chozi.

Aliyetutoa tongotongo ni muuza mboga za sukuma aliyekuja kila siku kutoka Waithaka na mzigo wake mgongoni. Mama alimkaribisha maji, naye akacheka kwa haya.

"Mama, usikasirike. Watu wanaogopa. Wanasema nyinyi watu wa Mombasa mko na majini. Hiyo nyungu imefunikwa, nani anajua iko na nini ndani?"

Nilidhani mama atawaka moto. Badala yake alirudi ndani, akaiendea kalenda, akaitazama kitambo.

"Ndiyo maana wenzetu wakayajengea mnara," akasema. "Kila mtu anayaona yanapotoka."

Fundi akatoboa ukuta, bomba likatokeza barabarani, maji yale yale ya baraza la jiji ambayo kila mtu aliyajua. Na kila asubuhi mama yangu, asiyekula hata ndizi njiani, alitoka, akainama mbele ya wapita njia, akakinga kiganja, akanywa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Watu walimtazama wakaenda zao. Mpaka asubuhi moja yule muuza sukuma akatua mzigo, akanywa, akajifuta mdomo kwa leso, na kutangaza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "Ni tamu!"

Akaja mlinzi. Akaja mwingine. Mama akaingia ndani upesi, nikamkuta jikoni analia, akimuuliza baba kana kwamba yuko mezani, "Yamefika?"

Miaka ikapita. Hospitali ya Upper Hill nilikokuwa muuguzi ilinipeleka Ujerumani kwa mafunzo, na Jumapili ya kwanza nikapanda treni hadi mji ule. Nilitokeza kutoka kichochoroni nikauona mnara. Picha ilikuwa imenidanganya: haikusema ni mrefu kiasi gani, wala kwamba jua likizipiga zile dhahabu mtu husahau alikuwa anakwenda wapi. Nilisema subhanallah kwa sauti, na sikuona haya.

Ulizungushiwa ua wa vyuma. Watu walipiga picha, wakala aiskrimu, wakaondoka. Hakuna aliyekunywa. Nilikasirika kwa niaba ya marehemu nisiyemjua. Mfereji mmoja wa chuma ulipenya katikati ya nondo, na kama kulikuwa na kibao cha kukataza, Kijerumani changu hakikufika huko. Nikasema bismillahi, nikainama, nikakinga kiganja. Maji yalikuwa baridi hadi meno yakauma. Nikamwombea aliyejengewa, kisha baba.

Pembeni ya uwanja palikuwa na kibanda cha simu. Nikampigia mama.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Na nani mwingine?"

Nikachungulia kupitia kioo. Bibi mmoja mwenye mkoba alikuwa amesimama pale niliposimama mimi. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama.

"Kuna bibi mmoja, mama. Anakunywa sasa hivi."

Sarafu zikaendelea kushuka ndani ya simu.

"Yamefika," akasema.