Macho ya Mstari wa Nyuma

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona kijana kaning'iniza kamera shingoni. Tulikuwa Tegeta, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ya binti aitwaye Neema. Mama yake hakuniagiza mengi. Alitaka picha moja tu: mama yake mzazi, bibi yake Neema, aliyetoka Songea, akiwa na watoto wake wote saba. Tangu wamzike baba yao hawakuwahi kukutana wote, na kesho yake kila mmoja angerudi kwake.

Mie, mwanangu, nilikuwa na kamera mpya ya dijitali, na maringo yake. Ukuta wa nyuma ulikuwa bado haujapigwa lipu, nikafungua tundu la lenzi hadi mwisho, maana likiwa wazi sana kilicho nyuma ya unapolenga hufifia, ili matofali yayeyuke. Nikalenga uso wa bibi pale kitini, nikabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha kamera ilipendeza kweli. Nikawaruhusu watu wakale.

Mzee Komba, aliyekuwa akinifundisha kazi, akanisogelea. Huyo hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Ikuze hiyo picha," akasema. "Nionyeshe macho ya mstari wa nyuma."

Nikaikuza. Bibi alionekana hadi mikunjo ya kilemba. Binti zake waliosimama nyuma yake walififia kidogo. Wanawe wa kiume, wajomba wa Neema, waliosimama juu ya benchi hawakuwa na macho kabisa. Ungedhani unawatazama kupitia kioo cha bafuni. Na bibi alikuwa tayari anashikwa mkono kuelekea kwenye gari.

"Maji hayajamwagika," Mzee Komba akasema. "Kawaite. Na useme ukweli."

Nikamfuata bibi, nikamwambia nimekosea, wanawe wa kiume hawakutoka vizuri pichani. Akauachia mlango wa gari.

"Hawa nimewangoja miaka, mjukuu wangu. Nitashindwa kukaa tena kitini?"

Mjomba mmoja, sahani mkononi, akanionya kwamba kuku wake akipoa nitampasha moto mie. Lakini alikuja.

Wajomba walikuwa wamesimama mbali na dada zao kama watu wa foleni ya benki. Mzee Komba akawabananisha mpaka magoti yakagusa migongo. Mie nikarudi nyuma kidogo, nikabana tundu la lenzi ili wa mbele na wa nyuma watoke sawa. Tundu dogo hupitisha mwanga kidogo na picha huchukua muda zaidi, kwa hiyo nikaweka kamera kwenye stendi, nikalenga mstari wa kati, nikawaomba watulie.

Ukuta ulitoka na matofali yake yote. Macho nayo yakatoka yote. Mama Neema aliikuza mwenyewe, akawapitia ndugu zake kwa kidole, akiwataja mmoja mmoja, na hapo ndipo niliposhusha pumzi.

Basi, mwanangu, usione vyaelea, vimeundwa. Wasogeze watu, bana tundu, lenga katikati, kisha wakague wa nyuma kabla hujamwachia mtu akale. Ukikosea, sema wakiwa bado uwanjani; aibu ya dakika moja ni nyepesi kuliko kumfuata mtu Songea. Mungu akupe mkono uliotulia, na kila atakayesimama mbele yako, wa mbele na wa nyuma, arudi kwake akiwa ameonekana.