Breki zangu mpya zimemkatiza mchungaji

Leo gari langu limemkatiza mchungaji maombi.

Jana nilibadilisha pedi za breki mwenyewe, nikamwambia mke wangu fundi ni mimi.

Leo tumefika kanisani, hapa mtaa wa West Side, tumechelewa. Watu wako nje kwenye paking, wamefumba macho wanamwombea mgonjwa. Nikakanyaga breki. Zikalia kama mbuzi anayechinjwa.

Mchungaji akafumbua macho. Mgonjwa naye akafumbua.

Baada ya ibada, dada wa mke wangu, Konsolata, anayefanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari, alivua viatu vyake virefu akafungua tairi.

"Shemeji, vile vibati vya kushikilia pedi umeviweka wapi?"

Nikamwambia viko nyumbani kwenye boksi. Nilidhani ni vya ziada.

Akauliza tena: "Na grisi?"

Hiyo nilidhani ni ya kulainisha mikono.

Mke wangu alienda nyumbani kwa miguu kuvileta pamoja na grisi. Konsolata akasugua kutu, akapachika vibati, akapaka grisi nyuma ya pedi. Tukalijaribu gari, likasimama kimya.

Kurudi nyumbani ameendesha mke wangu. Mimi nimewekwa kiti cha nyuma na watoto.

Kama na wewe uliwahi kujifanya mjuzi ukaumbuka, njoo hapa chini tuliwazane.