Kuondoka na Kubaki

Harufu ya mahindi yaliyolowa ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Mwaka ule wa mvua za Elnino, Mto Tana ulivunja kingo ukaingia mashambani, kisha majumbani, na watu wa kijiji chetu, kati ya Ngao na Ozi, wakaanza kuvushwa kwa boti hadi shule moja ya mwinukoni upande wa Tarasaa. Madarasa yalijaa magodoro yanayochuruzika, kuku waliofungwa miguu na moshi wa kuni mbichi. Baba alimbeba Bibi mgongoni, sisi watoto tukamfuata kwenye boti ya kwanza. Mama yetu, Hawa, alibaki kumsaidia jirani mjamzito, akaahidi kuja na boti ya mwisho.

Boti hiyo ikapelekwa Garsen. Alasiri habari zikaja kwa redio ya waokoaji, kwa Kiingereza, na kijana aliyeishika akazirudia kama alivyozisikia: “Only Hawa left.”

“Ameondoka!” Baba akasema. Kiingereza chake kilikuwa haba, lakini neno hilo alilijua. “Alhamdulillahi, yuko Garsen.”

Watu wakampa mkono. Dada yangu Zainabu, aliyekuwa kidato cha pili, hakufurahi.

“Baba, left ni kuondoka, lakini pia ni kubaki. Huenda wanasema amebaki Mama peke yake.”

“Neno moja litaondokaje na kubaki?”

“Ndivyo lilivyo, Baba. Hata mkono wa kushoto ni left.”

Kuuliza si ujinga, lakini redio ilikuwa imeanza kukoroma na hapakuwa na wa kujibu. Baba akaenda kumwomba mvuvi mmoja mtumbwi.

“Akiwa amekosea, nitakuwa nimepiga kafi bure,” alimwambia Bibi. “Akiwa amepatia...”

Alirudi kesho yake, jua likiwa juu, na Mama yuko naye. Alimkuta ameketi juu ya paa, miguu imevimba, amekumbatia kibuyu cha mbegu za mpunga. “Boti ilijaa,” Mama alisema, kama anayeeleza kwa nini amechelewa kutoka sokoni. Zainabu alilia hadi akashikwa na kwikwi. Mimi nilikuwa nikitazama ile miguu.

Siku hizi onyo la mafuriko huja kwa simu. Msimu uliopita lilinifikia Mombasa, kwa Kiswahili safi, kabla hata maji hayajapanda. Nikampigia Mama, nikamsihi ahame siku ile ile. Alinisikiliza hadi mwisho, akaelewa kila neno. “Nimesikia, mwanangu,” akasema, kisha nikasikia jembe likirudi udongoni.