Beji ya Neema Yohana

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki mtu wa kunikatisha. Haya ninayokusimulia yamenitokea mimi mwenyewe, ofisini, saa kumi jioni, jua linawaka na feni inazunguka juu ya kichwa changu. Watu mnadhani marehemu wanasubiri usiku. Nani kawaambia? Aliyenijia mimi alibisha hodi mchana na kuniamkia, kama mtoto aliyefunzwa adabu kwao.

Kwanza uijue kazi yenyewe. Miaka sita nimefanya kwa wakala wa ajira, ofisi ya vyumba viwili nyuma ya maduka pale Kwa Mathias, Kibaha. Viwanda vinatuambia kesho tunataka vibarua arobaini, sisi jioni tunatuma majina arobaini, asubuhi mlinzi wa getini anakagua beji moja moja na orodha yake mkononi. Beji ni kikaratasi ndani ya plastiki, jina na muhuri wetu, picha hamna. Akipungua hata mtu mmoja, meneja anampigia bosi wangu, na bosi wangu akishapigiwa, mimi nitatukanwa mpaka nione aibu kwa niaba yake.

Kwa hiyo tulikuwa na mtindo wetu, tukiuita kuvalisha. Fulani hajaja? Beji yake anavalishwa yeyote aliyesimama nje anatafuta kibarua. "Wewe, njoo. Leo unaitwa Fulani. Ukiitwa, itika." Basi, anapanda gari. Nimevalisha watu wangapi? Sijui, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku moja kibarua wetu Neema Yohana alikuwa anaumwa malaria. Nje kulikuwa na binti mwembamba, kajitanda mtandio wa kijani, yupo pale tangu alfajiri. Nikamvalisha beji ya Neema. Akafungua mdomo aniambie jina lake. Sikiliza vizuri hapa. Nilimkata. Nilimwambia, "Utaniambia jioni, gari linaondoka."

Jioni hakuniambia. Saa sita mchana magunia yalimporomokea ghalani. Walimkimbiza hospitali hajitambui, wakasoma beji, wakaandika Neema Yohana. Kesho yake alfajiri akafariki kwa jina hilo hilo.

Nilimfuata bosi. Nikamwambia, "Bosi, yule siyo Neema. Neema yuko kwao anakunywa uji." Unajua alinijibu nini? "Wewe unamjua ni nani?" Nikasema simjui. Akasema, "Basi mimi nitawaambia nini? Ukitamka kwamba alivaa beji ya mtu, mkataba umekufa, na wewe ndiye uliyemvalisha." Akachukua simu yake akaendelea na mambo mengine. Neema mwenyewe alipopona alihamishiwa kiwanda kingine na kuonywa afunge mdomo.

Nami nikafunga wangu. Nina watoto wawili shuleni, ndivyo nilivyojiambia. Hasira niliyonayo leo, nusu ni ya bosi, nusu ni yangu, na nusu yangu ndiyo kubwa. Ndugu hawakutokea. Watatokeaje, wakati jina lililoandikwa siyo la mtu wao? Mwisho halmashauri ikamzika. Mhudumu wa mochwari aliifunga beji kwenye kifundo cha mkono wake, maana ndicho kitambulisho pekee alichokuja nacho. Na kwa kuwa beji ilisema Neema Yohana, bosi wangu akajifanya mtu wa huruma, akachongesha msalaba wa mbao. Nilikuwepo. Niliona sanda, niliona ile beji ikichungulia pembeni, niliona kaburi likifukiwa.

Ikapita miezi saba.

Siku hiyo ninayokwambia, nilikuwa peke yangu ofisini, naandaa orodha ya kesho. Nikasikia, "Hodi. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa hapo. Umekuja kuandikisha?"

"Ndiyo."

Sikuinua kichwa. Niamini, ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi, mtu anakuwa sauti tu upande wa pili wa meza. Nikavuta fomu. "Jina?"

"Mwanaidi Salumu."

"Unatoka wapi?"

"Kurui."

"Kurui ya Kisarawe huko? Mbona mbali. Wa kumjulisha ukipata tatizo?"

"Mama yangu, Bi Tatu. Nyumba iko nyuma ya mashine ya kukoboa. Lakini yeye hajaambiwa."

Nikaandika, sijaelewa bado. Nikauliza, "Umewahi kufanya kazi na sisi?"

"Siku moja," akasema. "Ulisema nitakwambia jina jioni. Jioni zimekuwa nyingi, dada."

Kalamu ikaniponyoka. Nikainua macho. Mtandio ule ule wa kijani. Feni ilikuwa inapeperusha makaratasi yangu mezani mpaka nayazuia kwa kiwiko, na ncha ya mtandio wake haikutikisika hata kidogo. Uso ulikuwa mzima, hauna jeraha. Hakuwa na hasira, wallahi, bora angekuwa nayo. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepanga foleni siku nyingi, sasa zamu yake imefika.

Akaweka kitu mezani taratibu. "Nimerudisha beji. Siyo yangu. Nimelazwa chini ya jina la watu, mama akiniombea dua hajui aielekeze wapi."

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata nikijifungua. Mama wa duka la kutoa kopi, ambaye kiti chake kiko mlangoni pangu kabisa, akaingia mbio. "Kuna nini?" Nikamwambia, huyu binti. Akasema, "Binti gani? Tangu saa nane hajapita mtu hapa." Kiti mbele yangu kilikuwa kitupu. Lakini fomu ilikuwepo, mwandiko wangu. Na beji ilikuwepo, Neema Yohana, muhuri wetu, plastiki imeingia udongo mwekundu mpaka kwenye pembe. Yule mama aliishika kwa mkono wake, akaniuliza mbona chafu hivi. Sasa niambie mimi ni mwendawazimu.

Sikulala. Asubuhi sikwenda kazini, nikapanda gari mpaka Kisarawe mjini, nikachukua bodaboda hadi Kurui. Njia nzima naomba nisiikute nyumba, niambiwe hakuna Bi Tatu, nirudi zangu. Mashine ya kukoboa ilikuwepo. Nyuma yake nyumba ilikuwepo. Mama mfupi, kanga mbili, anaanika mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali, jua lote hili."

Akanipa maji kabla ya kuniuliza shida yangu. Nilipotamka Mwanaidi tu, akashika ukuta. "Umemwona? Yuko kazini bado?"

Nikamwambia yote. Sikujificha nyuma ya bosi, nilisema ni mimi niliyemvalisha. Hakulia papo hapo. Akakaa chini kwenye mchanga, akaanza kunisimulia, polepole, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Kumbe baada ya siku nne bila habari alifunga safari mpaka Kibaha. Alifika hospitali ile ile. Alisimama dirishani akauliza, "Mmempokea Mwanaidi Salumu?" Wakatazama daftari, wakamwambia jina hilo halipo, mama, katafute kwingine. Akashukuru akaondoka. Mwanawe yuko nyuma ya ukuta ule, kwenye jokofu.

Kisha akanitazama. "Ulimpa jina la mwenzake. Lake lilikushinda nini kuliuliza?"

Nimetukanwa na bosi miaka sita, sijawahi kupigwa na neno kama lile. Nililia mimi kabla yake, akabaki yeye ndiye ananishika bega.

Niliporudi Kibaha niliingia kwa bosi bila hodi. Nikamwekea beji mezani, udongo wake ule ule. Akaitazama, rangi ikamtoka, maana naye alikuwepo makaburini. Halafu, mtu yule, badala ya kuuliza mama wa marehemu yukoje, akauliza, "Umemwambia nani mwingine?" Hapo nilimpa yangu yote. Mtaa mzima ulisikia, wenye maduka walitoka nje. Nilimwambia apeleke watoto wake getini akawavalishe yeye. Kisha nikaichukua beji na ile fomu, nikaenda polisi, nikaandika maelezo, na jina langu mwenyewe nikaliweka pale pa aliyekosea. Kesi yetu bado inaendelea, bosi na mimi tumeshtakiwa pamoja, na sioni kama nimeonewa.

Kibali cha kubadilisha jina kaburini kilisumbua, lakini kilitoka. Bi Tatu alikuja na wajomba wawili na shehe wa kwao. Ule msalaba tuliung'oa kwa heshima, haukuwa na kosa, tukamkabidhi Neema, aliyekuja pia siku hiyo, naye aliulilia kama umetoka juu ya kaburi lake. Shehe akasimama, wanaume wakajipanga nyuma yake, wakamsalia Mwanaidi pale pale kaburini. Ilipofika dua, jina lake likatajwa. Nilikuwa nimesimama pembeni na mama yake. Nguo zote pale zilikuwa zimetulia, hapakuwa na upepo, ila ncha ya mtandio wa kijani, upande wa pili wa kaburi, niliiona ikipepea. Bi Tatu naye aliiona. Alinibana mkono mpaka kucha zikaingia.

Tangu hapo siwezi kupokea kitu kwa mtu kabla sijamuuliza jina. Muuza vitumbua, kondakta, fundi bomba. Wanangu wananionea aibu, majirani wanasema nimechanganyikiwa. Waache waseme.

Wewe unayetafuta kibarua, wakikupa beji yenye jina la mtu mwingine, kataa, rudi nyumbani ulale na njaa. Na wewe unayegawa beji, unayewaona watu kama namba za kujaza gari, muulize huyo aliye mbele yako anaitwa nani, leo, akiwa hai. Usimwambie atakwambia jioni. Atakuja kweli.