Ndoo ya Alfajiri

Dada yangu ni mbishi tangu tumboni. Walipopata kiwanja, mume wake, fundi mwashi, alitaka kuchimba msingi siku ileile. Dada akakataa katakata.

"Nyumba utajenga hata mwakani. Mparachichi haunisubiri. Miti kwanza!"

Wakahamia kibanda cha mabati, na dada akapanda: miparachichi na mifenesi nyuma, mipapai na migomba mbele yake, mbaazi katikati, viazi vitamu vikitambaa chini. Majirani wakamwita Mama Msitu. Hata mimi nilicheka, sitadanganya. Mpaka aliponieleza kwamba hawana mtoto, hawana pensheni, na shemeji hatabeba matofali milele. Miti ile ndiyo ingewalisha uzeeni.

Mwaka wa tatu mvua ikagoma. Dada akawa anateka maji kisimani mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na miti inakufa vilevile! Majani yalipauka, yakakauka pembeni. Migomba ikaanguka. Nilipofika kuwatembelea nilimkuta kapiga magoti kwenye shina la mparachichi.

"Nimekukosea nini? Si nakunywesha?"

Jamani, roho iliniuma. Nikaamua kulala kwao nimsaidie kuteka.

Alfajiri nikamkuta shemeji ananyata na ndoo, anamwagia shina moja baada ya jingine.

"Shemeji, maji ya wapi hayo?"

"Shh! Ya kazini. Tunaoshea miko na makarai, halafu yanamwagwa bure. Nabeba kwa baiskeli kila jioni, mwezi wa nne sasa. Dada yako mgongo umekwisha, na akijua atanikataza."

Anatabasamu, maskini! Nikachungulia ndoo. Maji ya kijivu, mazito. Saruji! Miezi minne anainywesha miti saruji!

Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama mlangoni. Kasikia yote. Mdomo wa dada yangu naujua, nikajiandaa kwa moto. Akaitazama baiskeli, akamtazama mumewe.

"Ni mchwa, baba," akasema polepole. "Mchwa ndio wanaoimaliza. Usimwage tena maji, yanawaita."

Shemeji akaweka ndoo chini. Akainama, akaingiza kucha kwenye udongo. Ukabanduka ukoko mweupe, mgumu. Akauvunja vidoleni, akaunusa. Miaka arobaini anakula kwa kitu hicho, angekosaje kukijua?

"Mchwa?"

"Mchwa," dada akarudia, machozi yanamtiririka.

Shemeji akaketi palepale, kipande kile mkononi.

"Mparachichi wa mbegu," akauliza, "unazaa baada ya miaka mingapi?"

"Saba."

Akahesabu kwa vidole.

"Nitakuwa na sabini na mbili," akasema.

Dada akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na jembe. Akajaribu kuinama, mgongo ukakataa. Shemeji akanyanyuka, akalichukua kutoka mikononi mwa dada, akaanza kuutoa udongo ule.