Goti Lililonikosanisha na Mamamkwe

Kwa mamamkwe wangu mtu haingii wima. Ukifika kwake Nyakuron, hapa Juba, Jumapili baada ya kanisa, unaacha viatu mlangoni, unapiga magoti, unasalimia, na maji ya kunywa unampa ukiwa chini vilevile. Mimi natoka Uganda, na jambo hilo sikufundishwa Juba. Nilikuja nalo kutoka kwetu. Heshima si utumwa, na kwa miaka sita ya ndoa sikuwahi kulinung'unikia.

Kisha goti la kushoto likaanza. Mwanzoni lilikuwa linakwama tu nikishuka kwenye boda. Baadaye likawa linachoma kwa ndani, na kulikunja hadi chini ikawa shughuli. Nilifanya anavyofanya kila mtu wa Juba mwili ukimuuma: nikaenda kupima malaria na taifodi. Nikakutwa nazo zote mbili, kama kawaida, nikameza dawa zikaisha, goti likabaki palepale.

Jumapili moja nilijaribu kupiga magoti mbele ya mama yule nikashindwa. Nikainama, nikampa mkono nikiwa nimesimama. Akaupokea. Ila maji niliyomletea hakuyanywa.

Mtu mwenye akili angesema, "Mama, goti linaniuma." Mimi sina akili ya namna hiyo. Mimi nikinuniwa, nanuna. Nilijiambia, kama miaka sita yote hajanijua, sitajieleza leo. Isitoshe, sikutaka isemwe kwamba mtoto wao ameoa mgonjwa. Tukaenda hivyo miezi minne, mimi nikiinama, yeye akiyaacha maji mezani. Mume wangu akiniuliza, namwambia nimechoka na kazi. Wifi yangu aliyeolewa kwingine ndiye aliyeniletea maneno: mama anasema nimeota pembe. Nililia kwa hasira.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa soko la Konyo Konyo, anayeuza sufuria mkabala na mitumba ninayouza. Aliniona nikiinuka kwa kushika nguzo, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe utakufa na kiburi chako." Akanielekeza kwa Mkenya mmoja, tabibu wa osteopathi, anayetibu mifupa, misuli na viungo kwa mikono yake, kwenye chumba nyuma ya duka la dawa huko Munuki.

Nilienda nikitegemea kukandwa goti. Kwanza akaniuliza maswali: Limevimba? Una homa? Uliwahi kuanguka? Alisema ningejibu ndiyo angenipeleka hospitali kwanza. Kisha akaliacha goti, akashika kifundo cha mguu, akapanda nyongani, akaukunja na kuuzungusha mguu wangu kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango.

"Daktari," nikamwambia, "kinachouma ni goti."

"Najua, mama. Hebu nionyeshe vile huwa unakaa kazini."

Nikakaa pale kitandani kama ninavyokaa juu ya robota la nguo: mguu wa kushoto nimeukalia, wa kulia unaning'inia, ili niwe juu niwaone wezi. Akacheka, nami nikakasirika.

"Unakaa hivyo siku nzima?"

"Tangu asubuhi hadi soko lifungwe."

Akanieleza polepole. Nyonga ilikuwa imekaza kwa kukaliwa, na kifundo nacho hakikunjiki vizuri. Kwa hiyo kila nikitembea au kuchuchumaa, goti lililo katikati linajipinda kufanya kazi ya wenzake. Goti lenyewe halikuwa na kosa, alisema. Sijui kwa nini maneno hayo yalinitoa machozi, lakini yalinitoa.

Alinikanda nyonga na paja, akauvuta mguu taratibu, akanifundisha mazoezi ya kila asubuhi, na akanipiga marufuku kuukalia mguu. Nikanunua kiti kirefu cha mbao. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, nikamsema vibaya kwa jirani yangu. Wiki ya tatu nilishuka kwenye boda nikaenda zangu, na nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa na goti bovu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumapili iliyofuata niliacha viatu mlangoni kwa mamamkwe, nikapiga magoti. Yote mawili. Nikamwinulia maji.

Hakuyapokea upesi. Aliyaangalia magoti yangu, kisha akaniangalia usoni.

"Biniya," akasema, yaani binti, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kiarabu cha Juba, "mimi nilikuwa najua wewe nataka kwenda."

"Kwenda wapi, mama?"

"Kwenu Uganda. Na mtoto yangu. Mtu kama nataka kwenda, anaacha kwanza kusalimia watu. Mimi iko peke yangu hapa. Nikasema kalas, basi, nimebaki."

Nikamwambia ni goti. Nikamwambia yote: robota, Mkenya, na hasira zangu.

"Goti?" akasema. "Miezi yote hii, goti? Sasa kwa nini wewe hapana sema?"

Miezi minne nilikuwa nikimlaumu moyoni, kumbe mama wa watu alikuwa anaogopa kuachwa. Akayanywa maji yote, akanirudishia bilauri, akaniambia niinuke. Sikuinuka. Nilibaki pale chini miguuni pake muda mrefu kuliko heshima inavyodai, kwa sababu niliweza.